Kiraka cha Njano

Soko lilikuwa limefurika watu mchana ule, na kinyozi alipita akisukumwa huku na huku, hema amelikumbatia kifuani kama mtoto mgonjwa. Shati lake jeupe lilikuwa limepigwa pasi vizuri mbele na kusahauliwa mgongoni. Fundi wa mahema, aliyeketi nyuma ya cherehani yake, akajua papo hapo kuwa huyu hupiga pasi mwenyewe.

"Zipu imekwama," kinyozi alisema.

"Na salamu nazo zimekwama?"

Kinyozi akacheka. Tangu azikwe mkewe, alikuwa amesahau jinsi kicheko kinavyoanza.

Alipolifuata hema lake, alilikuta limekunjwa vizuri na kufungwa kwa kamba mpya. "Kuna kitu nimekuongezea," fundi alimwambia. "Sikutozi. Utakiona ukilitandaza."

Hakulitandaza. Aliliweka juu ya kabati, na kesho yake akarudi sokoni na mkoba wa ngozi usio na tatizo lolote.

"Huu unaumwa nini?" fundi aliuliza, akiugeuza.

"Upime vizuri. Daktari ni wewe."

Hivyo ndivyo walivyoanza. Siku zile simu ilikaa sebuleni, juu ya kitambaa cha kufuma, na kwa kuwa fundi aliishi na shangazi yake, ni shangazi aliyeipokea kwanza.

"Ni yule wa mikasi," alikuwa akitangaza. "Anauliza kama umekula. Nimemwambia umekula, lakini anataka kusikia kutoka kwako."

Jioni moja kinyozi alipiga akihema kama aliyekimbia.

"Mpenzi, umewahi kupanda meli?"

"Nipande niende wapi?"

"Kokote. Kuna mpishi wa melini nimemnyoa leo. Wanazunguka visiwa na kurudi, siku mbili tu, na nafasi zimebaki. Wanaondoka Jumamosi mchana."

"Leo Alhamisi, bwana kinyozi."

"Ndiyo maana napiga sasa. Kaka ananiazima gari. Bandari ni mbali, tutalala njiani. Hema ninalo."

Fundi akageuka amtazame shangazi, ambaye alikuwa akichambua mchele karibu kabisa na simu.

"Nendeni," shangazi alisema bila kuinua macho. "Mahema mawili."

Walifika kambini Ijumaa, jua likiwa bado juu ya miti. Palikuwa na mto, nyasi zilizokatwa, na ofisi ndogo ya mlinzi. Fundi alivaa gauni la bluu na raba za zamani. Hema lake lilisimama upesi, kisha akaenda kumsaidia kinyozi, akimcheka anavyogongelea vigingi.

Kinyozi alipapasa ukuta wa hema karibu na mlango. Akapapasa tena.

"Hapa palikuwa na kiraka."

"Ndicho nilichokwambia utakiona." Fundi alitabasamu. "Nilikitoa, nikaunga upya kwa ndani. Kile kilishonwa hovyo, kwa uzi wa kudarizi. Kama aliyeshona alikuwa anafukuzwa na nyuki."

"Alikishona mke wangu."

Fundi alibaki na kigingi mkononi.

Kinyozi hakukasirika. Afadhali angekasirika. "Hukujua," alisema kwa upole, akaenda kukaa kando ya mto. Walikula, kila mmoja akaingia hemani kwake. Kinyozi alilala akijilaumu kwa kumharibia safari. Fundi alilala akijiambia kwamba moyo wa yule mtu una mwenyewe, na yeye amekwenda kumvunjia huyo mwenyewe vyombo.

Asubuhi aliomba kutumia simu ya ofisini. Mlinzi alimtazama usoni, akatoka nje na kujifanya anafagia.

"Shangazi, narudi na basi."

"Kakufanya nini?"

"Hajanifanya kitu. Ni mimi." Akamweleza yote.

Shangazi akauliza, "Na hicho kiraka ulikitupa?"

"Tangu lini mimi nikatupa kitambaa?"

"Basi unanipigia mimi kwa nini?"

Ndani ya kopo la biskuti alimotia nyuzi zake, alilolibeba hata safarini, kiraka kilikuwa kimekunjwa na kuchomekwa sindano. Kilikuwa cha njano, chenye vidoti vyeupe. Aliupenda ule utepe mwembamba wa pembeni, ndiyo maana alikitunza. Alizichomoa sindano zote, akampelekea.

Kinyozi alikishika kwa mikono miwili.

"Ni aproni yake," alisema. "Alikuwa mwalimu wa hesabu. Hakujua kushona hata kidogo. Alijichoma kidole akanilaumu mimi."

"Nikirudishe?"

"Rudisha. Lakini usishone vizuri."

"Sijui kushona vibaya, mpenzi."

"Basi nipe sindano."

Fundi akamtungia uzi. "Hapo nimeshapaziba," alimwonya. "Ukipatoboa tena, kila tundu ni njia ya maji."

"Yaingie."

Alishona ulimi ukiwa nje kama mtoto wa shule, fundi akishikilia kitambaa, akiuma midomo asimsahihishe. Alimaliza vibaya sana. Wakakitazama wote wawili, wakacheka mpaka mlinzi akaacha kufagia.

Walifika bandarini meli ikipiga honi. Mpishi alikuwa amesimama katikati ya daraja la kupandia, anabishana na baharia, hataki liondolewe.

Juu ya meli, upepo ukimpeperushia fundi kitambaa cha kichwa, kinyozi alimshika mkono. "Tukirudi, nataka nipige simu kwa shangazi nimwombe hema moja."

"Atataka kusikia kutoka kwangu," fundi alisema. "Nitamwambia ndiyo."

Hema lile bado wanalo, na wajukuu hulisimamisha uani. Kila mwaka mvua hupenya kwenye kiraka. Fundi ameziba mahema ya mji mzima. Pale huweka kikombe, akakaa na mzee wake kusikiliza matone.