Fungu la Amosi

Sahani ya Amosi ilikutwa imelambwa, na aliyeilamba alikuwa ameacha ute.

Ute mzito, wa kuvutika kama mlenda, na ndani yake unywele mmoja mweusi uliojikunja. Marsela aliugusa ute huo kwa ncha ya kidole. Ukamfuata hadi usawa wa pua ndipo ukakatika. Akakifuta kidole ukutani.

“Mbwa huyo,” alisema Leodgar, kiongozi wa kundi, kijana ambaye hata mwezi ukipatwa angemsingizia mbwa.

“Mbwa gani analamba, halafu anafunika tena sahani?” aliuliza Doto.

Leodgar akaisukuma sahani pembeni kwa mguu.

Walikuwa wanapiga msuli wa mtihani wa kidato cha sita ndani ya bani la baba yake Leodgar huko Kakese, kijumba kirefu cha matofali cha kukaushia tumbaku. Majani yalishauzwa. Ilibaki harufu, ile inayoingia kwenye nguo na kukaa kama shemeji asiye na kazi. Mwenzao Amosi alikuwa kwao, kalazwa kitandani na malaria, lakini kundi lilikuwa na sheria moja isiyovunjwa: hakuna anayemega ugali kabla fungu la asiyekuwepo halijatengwa. Mpakuaji alikuwa Marsela. Kila mchana aliliweka fungu la Amosi kwenye mdomo wa tanuru lililozimwa, akalifunika lisiingie vumbi, akasema kama walivyozoea, “Mwenzetu, chako hiki.” Amosi akichelewa atakula, asipokuja, jioni wataligombea.

Marsela alikuwa anarudia mtihani. Mara ya kwanza Historia ndiyo iliyomwangusha, na ndani ya Historia, Marekani. Baba yake alishamtafutia meza ya kuuzia mchele kwa shangazi yake Kibaoni, endapo ataanguka tena. Marsela hakuwa na ugomvi na mchele, ila hakutaka kuzeeka akiupepeta.

Alasiri ile Leodgar aliuliza, “Haya, sababu za vita vya wenyewe kwa wenyewe kule Marekani.”

Doto alitaja utumwa. Marsela alitaja ushuru wa forodha, akakwama hapo. Ndipo ndani ya tanuru sauti ikajibu, sauti yenye maji, kama ya mtu anayeongea na uji mdomoni:

“Haki za majimbo. Na ardhi mpya za magharibi, ziwe za watumwa au zisiwe.”

“Amosi?” alinong’ona Leodgar. “Kumbe umepona?”

“Nimeshiba,” ilisema sauti.

Harufu ikatoka kwanza, ya samaki, migebuka iliyosahaulika juani ndani ya mfuko wa plastiki, ikafuatiwa na mlio wa kitu kilicholowa kinachojiburuta juu ya majivu, na baada ya mlio ukatoka ulimi, mpana, wa kahawia, wenye mishipa kama jani la tumbaku lililoloweshwa, ukapapasa sakafu, ukaifikia sahani, ukaizunguka ukingo kwa ukingo bila haraka, kama mtu anayejua kwamba chakula ni chake na wenyeji wamemkaribisha wenyewe.

Walikimbia hadi barabarani. Leodgar alipoteza ndala moja, na kwa mara ya kwanza hakumtaja mbwa.

“Mimi sirudi,” alisema Doto, akihema.

Marsela aligeuka kulitazama bani, akasema polepole, “Lile jibu lilikuwa sahihi.”

Wakarudi. Aibu yao wenyewe. Marsela alipakua, wakauliza, lile dude likajibu. Liliijua Virginia kama mtu anavyolijua jiko la mama yake. Liliwaeleza jinsi lilivyosafiri kwenye matumbo ya meli za watumwa, likilamba mbao zilizotapikiwa na watu waliofungwa minyororo, na liliposimulia hayo lilimeza mate. Marsela aliziba pua kwa mkono mmoja, kwa mwingine akaandika. Hakuacha kuandika.

Kisha mate yao yakawa ya kahawia. Doto akaanza kucheua wakati wa sala. Marsela, akipiga mswaki, akavuta unywele uliokwama kwenye jino. Akavuta, akavuta, ukawa bado unakuja.

Ilipofika jioni ya kuamkia mtihani, Leodgar alimleta bibi yake Nyanzala, mganga. Bibi alisimama mlangoni mwa bani, akanusa, akatema chini.

“Nyie mmemlisha,” alisema kwa sauti ya chini. “Mmemwita ‘mwenzetu’. Jini hatoki nyumba anamopakuliwa.”

“Tufanyeje, bibi?” aliuliza Leodgar.

“Aliyempakulia ale makombo yake, alimalize fungu. Kisha nimpe dawa, amtapike. Kila alichowapa kitatoka naye.”

“Kila kitu?” aliuliza Marsela.

“Kila kitu, mjukuu wangu. Hata hiyo Amerika yenu.”

Marsela alikula. Ugali ulikuwa vuguvugu na hakuna aliyeupasha. Uliteleza kabla hajautafuna, na ute ukabaki ukining’inia kati ya vidole na mdomo wake, akaukata kwa meno. Kisha akanywa dawa. Bibi akamwinamisha nyuma ya bani, akawa anampapasa mgongo, na Leodgar na Doto wakageuza nyuso zao.

“Toa, mama. Toa tu.”

Kikapanda, kizito, chenye nywele, na pamoja nacho vikapanda majimbo yote, bandari, miaka, mikataba, kila sababu na kila matokeo, kwa mpangilio mzuri ambao yeye mwenyewe asingeuweza hata kwa miaka kumi ya kukesha, vikajaa mdomo, vikagonga meno kwa ndani, na asubuhi ya mtihani ilikuwa karibu mno.

Marsela akabana midomo. Machozi yakamtoka.

Akameza.

Kilishuka taratibu, kikipapasa kuta za koo, kikajikunja tumboni, kikatulia.

“Ametoka?” aliuliza Bibi Nyanzala.

Marsela akaitikia kwa kichwa, maana hakuthubutu kufungua mdomo.