Mashine ya Maji Moto ya Mama Orpa

Kila asubuhi Mama Orpa aliamka kabla ya wote. Aliwasha makaa nyuma ya nyumba na kubandika sufuria kubwa. Kwake Biharwe, nje kidogo ya mji wa Mbarara, walikuwa watu watano: yeye, mumewe Elisée, binti yao Madeleine na watoto wawili wa Madeleine. Wote walioga maji moto. Elisée aliyahitaji zaidi, kwa sababu useremala ulikuwa umemuumiza mgongo.

Siku moja sufuria iliteleza. Maji yalimmwagikia mguuni Vanessa, mjukuu wa miaka minne. Walimkimbiza hospitali. Mguu ulipona, lakini kovu lilibaki.

"Basi," alisema Elisée. "Umeme tunao. Tutanunua mashine."

Walikwenda dukani mjini. Muuzaji aliwaonyesha mashine nyeupe, ndefu, ya kufungwa ukutani.

"Muzee, hii ni pampu ya joto," alisema. "Ya kisasa kabisa. Joto linajaa nyumba yote."

Elisée aliipenda. Lakini Orpa aliizunguka, akaitazama juu na chini.

"Maji inatokea fasi gani?" aliuliza, akitafuta mahali pa bomba.

"Mama, joto ni joto!" muuzaji alicheka.

Orpa hakucheka. Alimvuta mumewe pembeni. "Tumuulize Inès kwanza."

Inès alikuwa fundi wa friji mjini Mbarara. Alikulia katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, jirani na Orpa, wakati familia zote mbili zilipoishi huko. Mama yake, Cansilde, Mrundi, bado alikuwa Nakivale akilima mahindi.

"Ule mutoto?" Elisée alishangaa. "Si nilikuwa ninamubeba mu mugongo?"

"Leo anabeba spana," Orpa alijibu.

Jioni hiyo Inès alifika na mfuko wake wa vifaa. Aliwasalimu kwa heshima, kisha akaanza kuuliza.

"Papa Elisée, mnataka kupasha nini? Vyumba au maji?"

"Maji."

"Basi ile ya dukani si yenu. Ile inapasha hewa ya chumba. Haina tanki. Haitawapa maji ya kuoga hata kikombe kimoja."

"Lakini iliitwa pampu ya joto!"

"Jina ni moja, Papa, aina ni nyingi. Wewe unatengeneza viti. Kiti cha kanisa na kiti cha mtoto ni sawa?"

Elisée alitikisa kichwa kukataa. Inès akampeleka kwenye friji yao ndogo.

"Weka mkono huku nyuma."

"Kuna moto kidogo," alisema Elisée.

"Friji inatoa joto kwenye chakula na kulitupa nyuma. Pampu ya maji inachukua joto la hewa ya nje na kulitia kwenye tanki. Inahamisha joto tu. Ndiyo maana inaweza kutumia umeme kidogo sana, kama theluthi ya ule wa hita ya kawaida."

"Ni kweli kuna zingine za kuzika mabomba mu udongo?" aliuliza Madeleine.

"Zipo. Zinafaa sana nchi zenye baridi kali. Hapa kwetu hewa inatosha. Nyinyi watu watano, tanki la lita mia mbili litawafaa."

Elisée alitaka mashine ikae kwenye stoo ya makaa. Inès alikataa. "Humo hewa haipiti. Mashine itapoza hewa ile ile mpaka ishindwe kazi."

Elisée alizunguka nyumba. Akasimama kwenye ukuta wa nyuma, chini ya paa. "Na hapa?"

"Hapo hapo! Upepo unapita na mvua haifiki. Lakini tanki likijaa ni zito mno. Tumwage zege la kulibeba kwanza."

Elisée alilikoroga zege mwenyewe, mgongo ukiuma.

Walirudi kwenye duka lile lile. Inès alisoma maandishi ya kila mashine, akachagua moja. Muuzaji alimtazama kwa heshima.

"Muzee, huyu anajua kazi. Umemtoa wapi?"

"Ni mwana wetu," alisema Elisée. "Wa Nakivale."

Inès aliifunga kwa siku moja. Aliipa waya wake peke yake na swichi yake. Aliweka bomba dogo la kutoa maji yanayodondoka.

"Vali hii inapunguza presha ikizidi. Msiizibe kamwe," aliwaambia. "Na mkiogesha mtoto, tieni maji baridi kwanza, halafu ya moto. Mtu mzima aguse kabla ya mtoto."

Asubuhi iliyofuata Orpa alifungua bomba. Maji moto yalitoka. Hakukuwa na moshi. Vanessa aliogeshwa kwenye beseni, akapiga maji kwa mikono yake akicheka.

Jumapili moja Cansilde alikuja kutoka Nakivale kuwasalimia. Alioga, akatoka nje kuiona mashine iliyofungwa na binti yake. Mwaka huo alikuwa ameanza darasa la watu wazima, kujifunza kusoma. Ubavuni mwa tanki aliona karatasi ya fundi imebandikwa. Aliweka kidole kwenye herufi ya kwanza.

"I... nès. Inès! Nshi... mi... ri... mana." Machozi yalimtoka. "Ni jina la mwanangu. Nimelisoma mwenyewe!"

"Soma tena, dada," alisema Elisée. "Soma kwa nguvu, majirani basikie."

Cansilde akafuta macho, akasimama wima, akasoma tena.