Kiti Kilichopimwa kwa Sanda

Jambo la mwisho la kawaida lililotokea ni kwamba Hasifa alimcheka baba yake. Walikuwa kwenye ghala la samani za ofisi zilizokwisha kutumika, upande wa viwandani wa Mbale, na Injinia Tamim alikuwa amejaribu kiti cha magurudumu. Egemeo likalegea ghafla, kiti kikalala nyuma, miguu yake ikabaki hewani.

"Baba, uko kama waziri aliyefukuzwa akiwa bado mezani," Hasifa alisema, akimshika mkono kumwinua.

Tamim alitikisa kichwa. Hakuona cha kuchekesha, wala hakuudhika. Tangu mazishi ya mkewe, Ramula, maneno ya watu yalimfikia kama yanayotoka chumba cha pili.

Maumivu yalianzia msibani. Kule Jinja alikaa mkekani pamoja na wanaume wengine siku zote za matanga, na alipokuja kusimama, kiuno kilikataa. Uchungu ulitoka mgongoni, ukashuka pajani hadi kwenye muundi. Aliporudi Mbale, hakuweza kukaa kusoma michoro ya barabara, wala kula chakula akakimaliza. Hasifa alimwacha mumewe Jinja kwa muda ili amtunze baba yake, na ndiye aliyesema kwamba kitafutwe kiti cha maana.

Tamim alikichagua kiti kwa utaratibu aliochagulia kokoto. Nyayo zikanyage sakafu zote. Magoti yalingane na nyonga. Kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti vipite vidole vitatu, ili damu isizibwe. Egemeo liingie kwenye bonde la kiuno bila kusukuma mabega. Sofa la nyumbani lilimmeza. Viti vya plastiki vilipinda chini yake. Vya ghalani vilikuwa virefu mno au vimechoka. Hatimaye walikwenda kwa Gidudu, seremala wa Namakwekwe, jirani yao.

"Injinia, hizo viti za ofisi zilitengenezewa Wazungu ya miguu mrefu," Gidudu alisema. "Kaa kwa benchi hapa. Mimi nakupima kama fundi ya suti." Alipapasa mifuko yake. "Lakini utepe yangu, mke alifungia mbuzi. Uko na kamba yoyote?"

Tamim alitia mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa ukanda mweupe wa pamba.

Kwa watu wake, Wanubi wa Jinja, wanaoosha maiti huchana ukanda kwenye sanda, huupima mwili kwa ukanda huo, kisha huwapelekea wachimba kaburi wapate urefu wa mwanandani, shimo la ndani anamolazwa maiti. Kazi ikiisha, ukanda huangushwa humo humo, ukafukiwa pamoja na maiti. Siku ya kumzika Ramula, ukanda ulikabidhiwa Tamim. Alishuka kaburini, akakagua kipimo, akakiona sahihi. Kisha vidole vyake viliukunja, kama vinavyokunja utepe kila kazi inapokamilika, vikautia mfukoni. Hakuna aliyeona.

Sasa Gidudu aliunyoosha kwenye muundi wake akafunga fundo, kwenye paja akafunga fundo, kwenye mgongo akafunga la tatu. Tamim alimtazama. Alijua ule ni ukanda gani. Ujuzi huo ulikuwepo kichwani, lakini haukuwa na uzito wowote.

"Kitambaa ngumu hii," Gidudu alisema. "Nitaisuka ndani ya egemeo, ikushike kiuno vizuri."

"Sawa," Tamim alisema.

Kiti kililetwa kikiwa cha mvule, egemeo la kamba zilizosukwa. Alikaa. Nyayo zilikanyaga sakafu, vidole vitatu vilipita, na uchungu, ambao haukuwa umemwacha hata usingizini, ulikatika.

Siku iliyofuata alirudi kutoka kazini akamkuta Hasifa amesimama kando ya kiti, kiganja chake juu ya kamba.

"Baba, ulipita hapa mchana?"

"Hapana. Nilikuwa kazini."

"Kina joto. Kama mtu ameinuka sasa hivi."

"Jua la dirishani."

Hasifa aliliangalia dirisha. Mvua ilikuwa imenyesha kutoka mlima Wanale tangu asubuhi.

Baadaye ikaja harufu ya kafuri, ile wanayopakwa maiti. Hasifa alifungua makabati, akatoa nguo za marehemu mama yake, akazifua upya, akazianika. Harufu haikuwa kwenye nguo. Iliongezeka jioni, ikichanganyika na harufu ya udongo uliochimbuliwa, na wakati huo kamba za kiti zilitoa mlio wa taratibu, mlio wa mtu mzima anayekaa kwa uangalifu asijiumize, ingawa Tamim alikuwa bado nje akitawadha.

Kisha vikaja vidole gumba. Alikuwa amekaa akinywa chai, baada ya swala ya alasiri, alipohisi kitu kikimbonyeza pande mbili za uti wa mgongo, mahali hasa, kwa nguvu hasa iliyohitajika, kikizunguka polepole kama kinachojua njia. Alifumba macho. Ramula alikuwa akimkanda hivyo miaka yote ya ndoa yao.

Hapana, si hivyo. Ramula alikuwa na baridi yabisi ya vidole. Alimkanda kwa kiwiko, akilalamika kwamba ameolewa na gogo. Hakuwahi kutumia vidole gumba.

"Tamim," sauti ilisema nyuma ya shingo yake, chini kabisa. "Kaa."

Na Ramula hakuwahi kumwita kwa jina. Tangu binti yao azaliwe alimwita Baba Hasifa, hata walipogombana. Tamim alizikusanya tofauti hizo mbili, akafikia jibu lililo wazi. Kisha akaendelea kukaa.

Wiki hiyo Hasifa alianza kuchechemea. Alisema amelala vibaya. Baadaye akawa anashika miimo ya milango anapopita, akiinama kama anayetafuta sindano sakafuni, na kila Tamim alipokaa, jikoni mlisikika pumzi ikivutwa kwa meno. Zahanati ilimpiga picha, haikuona kitu. Alionyesha kwa kidole mahali panapomuuma: kiunoni, pajani, kwenye muundi. Baba yake aliitazama njia ya kidole hicho na kuitambua.

Hakusema. Siku hiyo chai ilimmwagikia mguuni, ngozi ikavimba malengelenge, na yeye aliyaona kwa macho tu, bila kuhisi kuungua.

Hasifa ndiye aliyempigia simu Hajati Juwairiya, mama mzee wa Kinubi aliyemwosha Ramula. Alifika kutoka Jinja alasiri, akakataa kuvuka kizingiti cha sebule.

"Karibu ukae, Hajati," Tamim alisema.

"Nikae wapi, mwanangu? Pale pamekaliwa." Alivuta hewa puani. "Hiyo kafuri niliiponda mimi kwa mkono wangu. Ukanda uko wapi?"

"Umesukwa humo."

Hasifa, aliyejiegemeza ukutani, aligeuza kichwa. "Ukanda gani, Baba?"

Hajati alimweleza kwa sauti ndogo, bila kumtazama Tamim. Alisema kipimo kile kiliandaa makao, na makao yasiyofukiwa yamepata mkaaji wa aina nyingine, asiyekufa kwa kuwa hakuwahi kuzaliwa na mtu. Ametoa alichoombwa, yaani nafuu. Na maumivu aliyoyaondoa kwa baba lazima ayatue mahali, kwa mtu wa damu yake aliye chini ya bati hilo hilo.

"Wewe ulidhani ni mkeo?" alimuuliza Tamim.

"Hapana."

"Tangu lini hukudhani?"

"Tangu siku ya kwanza."

 Hajati akamwambia aketi sakafuni, akilaze kiti, achane kamba, na afungue mafundo matatu kwa mkono wake yeye aliyekubali yafungwe. Yeye Hajati atasoma dua.

Alianza kusoma. Tamim alifungua fundo la muundi, na maumivu yakamrudia mguuni kama maji ya moto, na ukutani Hasifa akakanyaga chini kwa mguu wake na kusema, "Umeachia." Alifungua la paja. Nuru ya dirishani ilififia ingawa magharibi haijafika, na harufu ya udongo ikapanda hadi wakawa wanaionja ulimini, na kiti kilicholala sakafuni kikaanza kulia kamba moja moja, kutoka chini kwenda juu, kama uti wa mgongo unaonyooshwa na mtu aliyelala muda mrefu, huku sauti ya Hajati ikipanda ili isifunikwe na mlio huo, na Tamim, vidole vikiwa kwenye fundo la mwisho, akahisi kinachokuja nyuma ya uchungu wa kiuno, kitu kikubwa zaidi ambacho hakuwa amekihisi hata kaburini, sura ya Ramula ikiwa wazi mpaka kwenye kovu la kidevuni, na akaelewa kwamba fundo hili likifunguka atakuwa amefiwa.

"Baba Hasifa," sauti ilisema kutoka ndani ya kamba. Ilikuwa imejifunza. "Baba Hasifa, kaa."

Vidole vyake vilisimama.

"Fungua," Hajati alisema.

"Baba," Hasifa alisema. Bado alikuwa ameinama kiunoni. "Baba, fungua basi."

Tamim aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza juu ya mzigo wa daraja, "Ni kwa aliye chini ya bati hili tu?"

"Nimekwambia hivyo."

"Na asipokuwepo mtu?"

Hajati aliacha kusoma. Alimtazama kama alivyokuwa akitazama waliolazwa mbele yake ili waoshwe. "Atakula kilichobaki ndani yako."

"Kiasi gani?"

"Injinia, hilo halina kipimo."

Aliondoa mkono kwenye fundo. Hajati alichukua kitambaa chake kichwani, akakifunga upya, akasema atalala kwa watu wake na kwamba hataitwa mara ya pili. Hasifa hakulia. Alikwenda chumbani akishika ukuta.

Asubuhi, Tamim alibeba begi la binti yake hadi kituo cha magari ya Jinja. Alitembea akiburuta mguu, naye Hasifa akitembea ameinama, na watu wa Namakwekwe waliwapisha njia. Walipopita kona ambako paa la nyumba yao halionekani tena, Hasifa alinyooka. Alisimama pale barabarani, amenyooka kabisa, akamtazama baba yake.

"Twende wote," alisema. "Nina chumba. Mume wangu hatakataa."

"Nitakuja kukuona. Ila wewe usirudi kulala kwangu. Hata ukijaliwa mtoto, usimlete."

"Kwa ajili ya kiti, Baba?"

Alimpa begi. Hasifa alilipokea, akapanda, akakaa upande wa pili wa gari ambako baba yake hakuweza kumwona uso.

Tamim alirudi nyumbani. Alitoa viti vya plastiki, akatoa na sofa kwa msaada wa Gidudu, akatoa benchi la varandani, mwisho kigoda cha jikoni alichokalia Ramula akichambua mboga. Vyote alimpa Namukose, mjane wa nyumba ya pili, ambaye alishukuru sana, kisha akavitazama vilivyopangwa kwenye ua wake akaingiwa na wasiwasi.

"Sasa Injinia, wageni wako watakalia nini?"

"Hakuna atakayekuja," Tamim alisema, kwa adabu, akaingia ndani na kufunga mlango.