Maneno Yaliyopewa Gari

Asubuhi ile mke wake alimshukuru kwa maneno ambayo hakuyasema.

"Ahsante kwa ya jana alasiri," alisema huku akimmiminia chai. Macho yalikuwa yamevimba kwa kulia, lakini uso ulikuwa umechangamka. "Sikujua kama unayo moyoni. Kumbe unayo."

"Yapi hayo?"

"Haya, jifanye hujui." Akampiga kikofi begani, akaenda zake kwenye cherehani.

Mume akabaki na kikombe mkononi. Jana alasiri alikuwa karakana, amelala chali chini ya lori la watu, na mashahidi walikuwepo. Alirudi jioni akiwa hoi, akanywa maji, akala kimya, akalala kimya. Alitaka kumwambia hivyo. Lakini kubishana na mwanamke asubuhi kunahitaji maneno, na yeye maneno yake yalikuwa na kazi nyingine. Akamaliza chai, akaondoka. Wanaume bwana! Angeuliza swali moja tu siku ile, moja, labda nisingekuwa na cha kusimulia.

Karakana nzima walimwita Bubu, na hakuna aliyemwonea. Alikuwa fundi wa umeme wa magari, hodari kweli, anayeweza kushinda kutwa ndani ya nyaya na kusema "lete" na "shika" basi. Sasa huyo ndiye aliyechaguliwa na bosi kwa kazi ya kuongea.

Lilikuwa limeletwa gari la mitumba, zuri, la kijivu, lenye mtambo wa kuamrishwa kwa mdomo. Unasema fungua, linafungua. Shida ni kwamba lilikotoka lilizoea midomo ya huko. Ukiliambia lifungue dirisha linawasha redio. Ukiliambia lizime redio linampigia simu mtu usiyemjua. Mteja alilipenda hivyo hivyo na akasema atasubiri mwezi mzima, mradi siku ya kulichukua limsikie.

"Lifundishe," bosi alimwambia. "Kaa nalo, sema nalo mpaka lizoee lugha. Na usiliongeleshe kwa sauti moja kama unasoma risiti. Mtu na gari lake hawasemi kwa sauti moja. Lipe ya hasira, ya furaha, ya kubembeleza, ya huzuni. Maneno yoyote, lakini yawe ya kweli. Ya kuigiza yanalichanganya."

Karakana kuna nyundo, kuna kuchomelea, kuna matusi. Bubu akalipeleka gari kwake, akaliegesha uani chini ya dirisha la chumba cha kushonea, akapandisha vioo, akaanza.

Ya hasira yalikuja yenyewe. Ya kubembeleza yalimtoa jasho siku nzima, mpaka alipofumba macho na kumfikiria mkewe. Basi akaliambia gari jinsi alivyopeleka suruali kufupishwa, akamkuta binti fundi cherehani ana pini mdomoni, binti akacheka nazo hivyo hivyo, na yeye akarudi kesho yake na suruali nyingine isiyohitaji kufupishwa. "Mrembo wangu," aliuambia usukani, "umekula lakini? Usijichoshe. Nakuonea huruma na mgongo wako." Hatua mbili kutoka hapo, nyuma ya pazia, mwenye mgongo alikuwa ameinamia sare za shule za watoto wa watu. Akiinua kichwa aliona midomo ya mumewe ikicheza nyuma ya kioo. Jioni midomo hiyo hiyo iliingia ndani ikiwa imefungwa.

"Koo," Bubu angesema, akionyesha shingo kwa kidole. Basi, mazungumzo yamekwisha.

Ikafika zamu ya huzuni, na kwa huzuni alikuwa na jambo moja tu. Walikuwa na mtoto wa kike. Miezi saba. Siku ile alipozidiwa, mama yake alimpigia mume simu mara nne kutoka wodini, na mara zote nne mume alisema anamalizia gari la mtu. Alipofika, mtoto alikuwa ameshafunikwa. Miaka mitatu ikapita na Bubu hakuwahi kulitaja jina la mtoto ndani ya nyumba ile. Mke alisubiri. Alisubiri mwaka wa kwanza kwa kulia, wa pili kwa hasira, wa tatu akawa anashona tu.

Ndani ya gari, jua la saa saba likiwaka nje, mwanamume yule aliyasema yote. "Nilisikia ulivyoniita. Hapakuwa na gari la mtu. Niliogopa kuja nikukute unalia nisijue la kukwambia, nikajificha kazini. Ulimzika ukiwa peke yako hata mimi nikiwa nimesimama pembeni yako. Nisamehe, mke wangu." Akalia mpaka shati likalowa.

"Nimekusikia," likajibu.

Gari lile lilikuwa na majibu matatu: "Tayari," "Rudia" na "Sijaelewa," na yote kwa sauti ya mwanamke. Hili lilitoka kwa sauti yake mwenyewe, na kwikwi ilikuwa bado kooni. Pakanuka udongo mkavu ulionyeshewa, ilhali vioo vilikuwa juu na mvua haijanyesha mwezi wa pili huo. Nywele zilimsimama. Kisha ufundi ukamzidi akili, akajisemea kwamba loo, limeanza kujifunza. Akajifuta uso, akaingia ndani.

"Unaumwa?" mkewe akamuuliza.

"Koo," akasema.

Kesho yake aliitwa karakana kwa lori la watu, na ndiyo hiyo jana alasiri aliyokuja kushukuriwa.

Baada ya hapo nyumba ilibadilika. Mke alianza kuimba. Alitoa gauni alilokuwa amelikunja chini ya sanduku, akalivaa siku ya kazi. Harufu ile ya udongo ikatoka garini ikahamia koridoni, halafu kwenye mapazia. Lakini sahani yake ilirudi jikoni kama ilivyotoka, na mikono yake ikawa baridi hata akitoka kupiga pasi. Jumanne sindano ya cherehani ilimtoboa kidole, ikaingia huku ikatokea huku, na Bubu aliyekuwa mlangoni aliona kwa macho yake jinsi alivyoichomoa, akakitazama kidole, akaendelea kushona. Damu haikutoka hata tone.

"Twende hospitali," alisema. Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote alizomwambia wiki ile.

"Sijambo," alijibu bila kugeuka.

Alhamisi Bubu alisahau kifaa cha kupimia umeme, akarudi nyumbani saa sita mchana. Alipofungua geti alisikia cherehani ikikimbia kama kawaida. Kisha ikasimama. Mkewe akacheka, kicheko cha pini mdomoni, kicheko ambacho hajakisikia tangu wodini. Na mtu akamjibu. Bubu alisimama na mkono kwenye komeo akisikiliza sauti ya mwanamume ndani ya nyumba yake, na wivu ulimpanda kwanza kabla ya hofu, mpaka sauti ile iliposema "usijichoshe, nakuonea huruma na mgongo wako," ndipo hofu ilipomshika, kwa sababu maneno yalikuwa yake, na sauti ilikuwa yake, na ule mkwaruzo kidogo wa mwisho wa sentensi anaoupata mtu akikaa sana kwenye moshi wa karakana, nao ulikuwa wake.

Alikimbilia gari. Akafungua boneti, akang'oa nyaya za betri kwa mikono mitupu, akaitoa betri nzima na kuikumbatia kifuani ikimmwagia tindikali kwenye shati, na gari likawa chuma tupu, limekufa, taa hakuna, na bado kule ndani, nyuma ya pazia lisilotikisika, yeye mwenyewe alikuwa akiendelea kuongea, polepole, bila haraka ya kwenda popote, akimtaja mtoto kwa jina, akisema alikuwa na pua ya mama yake, akiuliza kama anakumbuka alivyokuwa akishika kidole asikiachie, na mkewe akisema ndiyo, ndiyo, nakumbuka, sema tena.

Akaingia na betri yake mikononi. Chumbani alikuwepo mke peke yake, uso umelowa. Kiti cha wateja kilikuwa kimevutwa karibu na magoti yake.

"Nani alikuwa hapa?" Bubu alifoka.

"Punguza sauti."

"Ulidhani ni mimi?"

Mke akavuta uzi. "Siku ya kwanza, ndiyo. Siku ya tatu sauti iliniuliza kama nimekula." Akakata uzi kwa meno. "Nikajua si wewe."

"Hayo maneno ni yangu! Wallahi, yote ni yangu, niliyasema mimi!"

"Najua ni yako. Ulimwambia nani?"

Bubu akaiweka betri sakafuni.

Mganga alikuja kesho yake mchana, kaitwa na Bubu. Alikuwa mama mmoja mnene, mkali, mwenye mkoba wa kwapani na miwani iliyofungwa kwa uzi, na alianza kugomba tangu getini. "Pua yangu hainidanganyi, na hapa pananuka jini." Akalizunguka gari, akalipiga teke la gurudumu. "Hili halina kosa. Hili ni bati. Kosa ni lako, baba. Umejifungia siku ishirini unaita sikiliza, sikiliza, nifungulie, unamwaga moyo wako pahali pasipo na mtu. Wewe ulitaka aitike nani?"

"Nilikuwa kazini, mama."

"Kazini! Haya."

Aliwaketisha chumba cha kushonea, mume upande huu, mke upande ule, akafunga dirisha. Kwenye ukuta wa nyuma, mahali pasipo na mlango, mtu alikohoa taratibu kwa kikohozi cha Bubu.

"Yumo," mganga alisema, sauti yake sasa imeshuka. "Nisikilizeni vizuri. Huyu hakulifuata gari, wala hakukufuata wewe baba. Amepokewa na mama. Na mpokeaji ndiye mwenye ruhusa ya kumtoa. Mimi nitamfungia njia zote, atabaki wa kutii neno moja. Wewe mama, utamtazama unayetaka atoke, utamwambia toka, mara tatu. Utakayemtoa atatoka, na hatarudi. Usiposema, mwezi huu hauishi. Atakumaliza. Mikono yako umeiona."

"Nilimalizwa zamani, mama," mke alisema. "Miaka mitatu. Hakuna aliyeniletea mganga."

"Mke wangu," Bubu akasema. Aliyatafuta yale ya garini, yote yalikuwepo, aliyajua kwa moyo, lakini kila alilolifikia kooni alilikuta limekwisha kusemwa humu humu, na vizuri zaidi. "Mke wangu, mimi..." Akanyoosha mkono. "Koo."

Mganga akaanza kusoma, na harufu ya udongo ikazidi mpaka ikawaliza machozi, vipande vya vitambaa vikainuka sakafuni vyenyewe vikaanguka, cherehani ikajizungusha gurudumu bila mguu wa mtu, na kwikwi ya mwanamume ikasikika ukutani, ikiomba, ikisema nisamehe, nisamehe, mpaka mganga aliponyoosha kidole na kupiga kelele, "Sasa!"

Mke aligeuza uso. Hakuutazama ukuta.

"Toka," alimwambia mumewe.

"Mama, unamtazama nani?" mganga aliuliza kwa hofu. "Mama!"

"Toka."

Miguu ya Bubu ilisimama bila yeye kuiambia. Alishika meza, vidole vikaachia kimoja kimoja. Mkewe alikuwa analia, na alimtazama hadi mwisho, bila chuki.

"Toka."

Alipita koridoni, akampita mganga aliyekuwa akikusanya mkoba wake na kukimbia, akajikuta nje ya kizingiti. Mlango ukafungwa. Alijaribu kurudi, na hatua ikagoma. Mkono tu ndio uliokuwa bado wake, basi akabisha. Akabisha tena, kwa ngumi.

"Nani?" sauti yake mwenyewe ikauliza kutoka ndani, kwa upole.

"Hakuna mtu, mume wangu," mkewe akajibu, na cherehani ikaanza kukimbia.