Ubeti wa Tatu wa "Foleni"

"Sikilizeni hii message, niliandikiwa na mutu mumoja, jina nalificha," Khaled alisema redioni, na kicheko kilikuwa kimeshaanza kumtoka. "Anasema hivi: 'Tujane hawakuharibika, walikua. Ernestine alipowatoka hawakutafuta mutu wa kushika nafasi yake. Waliacha pengo ndani ya kiitikio, na ukisikia vizuri utajua kuko mutu hayupo.' Wapendwa wasikilizaji, pengo. Mutu anakaa anasikiliza pengo."

Loïc, mwenzake wa studio, akaangua kicheko. Wakacheka wawili, kwa raha zao, saa sita mchana, mji mzima unasikia.

Dukani kwake, mtaa wa Mutakura, Hayat alisimama na mkasi mkononi, kitenge cha mteja kimekatwa nusu. Maneno yale aliyajua mpaka nukta zake. Aliyaandika mwenyewe, usiku na mchana, miezi mitatu, kumwandikia Khaled mchumba wake. Na si kwamba alijipendekeza. Khaled ndiye aliyemwomba: nifundishe unachokisikia kwa hao watu wako.

Kwenye kona, cherehani ya shangazi yake Mwanvua ilinyamaza.

"Hayat, huyo si Khaled wako?"

"Ndiye, tantine."

"Na hiyo message ni ya nani?"

"Ya kwangu."

"Zima redio, mwanangu."

"Apana. Acha amalize."

Ilikuwa Jumatano. Jumapili wazee wa Khaled walitarajiwa kuja kuleta posa.

Kwa asiyewajua, Tujane ni kundi la hapo hapo Mutakura: Bonfils na gitaa lake, Bella na sauti yake, na zamani Ernestine. Albamu ya kwanza ilikuwa gitaa tupu na nyimbo za kuchezesha maharusi, mji ukawapenda kidogo. Ernestine akaolewa mbali, wakatoa ya pili, ya huzuni, mji ukapiga miayo. Ya tatu wakaingiza ngoma za kompyuta, wakaanza kuimba maisha kama yalivyo, umeme uliokatika, magari yaliyolala barabarani yakingoja mafuta. Hapo mji ukawabatiza jina, bendi ya petroli. Watu ambao hawajawahi kuandika hata mstari mmoja wa maana wakawa majaji. Na jaji mkuu alikuwa Khaled, ambaye kipindi chake cha salamu kina watu wengi wa kutajwa, kwa hiyo kila wimbo anaukata baada ya ubeti wa pili.

Hayat akamwandikia Khaled ujumbe:

"Umenisoma redioni."

Jibu likaja baada ya kipindi.

"Chérie, ilikuwa blague, mzaha tu. Si sikutaja jina?"

"Nilikuandikia we, si mji."

"Sasa unakasirika juu ya wanamuziki? Hata hawakujui."

"Nakasirika juu yako. We unanijua."

Kisha akaandika:

"Kesho nitakuomba radhi mbele ya watu wote. Kaa karibu na redio. Utafurahi."

Kesho yake, saa sita ile ile, Mwanvua hakugusa hata uzi. Majirani wawili walikuwa wameshaingia dukani, wanajifanya wanachagua vitenge.

"Dédicace ya leo, salamu ya wimbo, inatoka kwangu mwenyewe," Khaled alisema, sauti ameilainisha. "Inaenda kwa mwanamke mumoja, mke wangu mtarajiwa. Jana nilimuumiza. Leo namupigia watu wake, Tujane, wimbo wao 'Foleni', juu ni sisi wawili kabisa."

Wimbo ukaanza. Ubeti wa kwanza, mwanaume yuko kwenye foleni ya mafuta siku ya pili, na mpenzi wake anamletea chakula. Ubeti wa pili, mwanaume anaapa kwamba gari likipata mafuta atampeleka Kibenga, ziwani, wakae mpaka jua lizame. Majirani wakatabasamu. Kisha, kama kawaida, wimbo ukakatwa.

"Mungu wangu," Hayat alisema taratibu. "Hajawahi kuusikia wote."

Akachukua simu, akapiga namba ya kipindi. Akapokea Lisette, binti wa kuunganisha wasikilizaji.

"Jina?"

"Hayat. Niunganishe, dada. Anangoja."

Sauti yake ikatoka kwenye redio ya dukani kwake mwenyewe. Mwanvua akaipunguza haraka isije ikagongana na simu na kupiga kelele.

"Tuko na nani hewani?"

"Hayat, wa Mutakura, nauza vitenge. Ni mi niliandika ile message mulicheka jana."

"Chérie..."

"Apana, niite Hayat. Jana ulikuwa unaficha jina, leo litaje vizuri."

"Hayat. Umesikia dédicace?"

"Nimesikia. Nakuuliza kitu kimoja. Kwenye ubeti wa tatu kunatokea nini?"

Maiki ikiwa wazi, Khaled akasikika akinong'ona:

"Loïc, iko na couplet ya tatu?"

Dukani mtu akacheka. Hayat hakucheka hata kidogo. Alikuwa analia, na hasira yake ilikuwa juu ya machozi yale pia.

"Iko," alisema. "Bella anaimba kwa mara ya kwanza hapo. Bonfils aliandika beti mbili za mwanaume ili ufikiri umesikia mapenzi. Pigeni."

Wakapiga. Gitaa likanyamaza, zikabaki ngoma tupu, na Bella akaingia na sauti ya chini:

*Tanki limejaa, nimekuona ukipita,*
*kwenye kiti changu kakaa mwingine,*
*na mimi bado nimeshika sahani yako.*

Wimbo ukaenda mpaka mwisho. Hakuna aliyeukatiza.

Simu ya Hayat ililia kipindi kilipoisha.

"Hayat, sikujua. Wallahi sikujua. Hakuna mwanamke mwingine."

"Najua hakuna."

"Nimewakosea hao watu. Kuanzia kesho kila siku nitapiga wimbo wao mzima, na nitasema ni we ulinifundisha."

"Ufanye hivyo. Wanastahili."

"Basi umenisamehe?"

"Nimekusamehe."

Khaled akashusha pumzi.

"Alhamdulillah. Niwaambie wazee Jumapili saa ngapi?"

"Waambie wasikuje."

"Juu ya wimbo, Hayat? Juu ya wimbo tu?"

"Apana. Wimbo utajifunza, we si mjinga. Ni kile kicheko cha jana. Nilikisikia chote, Khaled, na ndani yake hukuwa unajilazimisha."

Akakata simu, akamwambia jirani wa kwanza achague haraka, kwa sababu ana kitenge cha mteja tangu jana hakijamalizika kukatwa.