Shashi Iliyoletwa na Chamchela

Nguo zote zilitulia kwenye kamba isipokuwa shashi nyeusi, ambayo hakuna mtu wa nyumba ile aliyeianika.

Ilikuwa adhuhuri, na adhuhuri ya Garissa mwezi wa tisa si ya kuchezea. Mwaka wenyewe ni wa tisini na saba, ukame umekaza, mbuzi wanatafuna makaratasi, upepo umekufa kabisa. Wenye akili zao walikuwa wamelala ndani. Qali na rafiki yake Bridget ndio waliokuwa uani, wanasoma kwenye kivuli cha mabati kwa sababu mtihani wa kidato cha tatu ulikuwa karibu. Wasichana wa umri ule nao! Ukiwaambia walale wanasoma, ukiwaambia wasome wanacheka.

"We, hiyo ni ya mamako?" Bridget aliuliza.

"Hapana. Sijawahi kuiona."

Muda mfupi nyuma chamchela nyembamba ya vumbi ilikuwa imezunguka uani mara moja na kutokea langoni. Qali alisema bismillahi kama alivyofundishwa, basi, akarudi kwenye kitabu. Sasa aliinuka akaishusha ile shashi. Ilikuwa hariri tupu, na katika joto lote lile ilikuwa baridi mkononi.

Wenyeji wanajua mambo yake. Shashi ni kitambaa cha kichwa cha mwanamke aliyeolewa. Msichana haivai. Siku yake ikifika hufungwa na mwanamke mwenzake, kwa vigelegele, na kuanzia hapo kila mtu anajua huyu ana mume. Qali aliyajua hayo yote. Bridget, binti wa mwalimu Mureithi aliyehamishiwa huku kutoka Nyeri, hakujua hata robo. Yeye aliona urembo tu.

"Geuka nikufunge kama wale wamama wa sokoni."

"Wacha zako, hooyo akiniona ataniua," Qali alisema, akimtaja mama yake kwa Kisomali, na huku ameshageuka.

Bridget alikaza fundo kisogoni, akarudi nyuma kumtazama, kisha akapiga kigelegele kirefu cha mzaha. Majani makavu ya uani yakainuka yote kwa pamoja, yakashuka. Na kutoka chumbani kwa Qali, ambamo hamkuwa na mtu, zikasikika kengele za mbao, zile wanazofungwa ngamia shingoni. Ko, ko, ko.

"Ni za jirani," Bridget alisema.

Jirani gani huyo afugaye ngamia chumbani kwa watu?

Jioni Qali alijaribu kuivua shashi. Fundo lilikataa. Alichukua makasi, yakateleza juu ya hariri bila kukata hata uzi. Aibu ikamziba mdomo. Akaificha chini ya hijabu ya shule.

Kuanzia kesho yake, mji ulipochemka mchana, chumba chake kilipoa. Kiliingia harufu ya mvua ya kwanza juu ya vumbi, harufu ambayo Garissa ilikuwa imeisahau. Akimaliza kusoma ukurasa, unageuka wenyewe. Sauti ya kijana, ya chini na ya upole, ilimwita jina lake karibu na sikio, na hapakuwa na uso, ni ubaridi tu uliopita shavuni. Qali alimpenda. Usimcheke. Wewe lala mahali ambapo hata mto unaunguza, halafu aje mtu akupepee, akujue kwa jina, tuone kama utamfukuza.

"Wewe ni nani?" alimnong'oneza siku moja.

"Mfugaji kama watu wenu. Nachunga mawingu."

"Kwenu ni wapi?"

"Sina kwetu. Mvua ikija, tunahama, mimi na wewe."

"Mimi niende wapi? Nina shule, nina mama."

"Mke hubaki nyuma?"

Hapo ndipo tabasamu lilipomfutika usoni. Asubuhi alibeba mkoba mapema, akaenda mbio langoni, na pale langoni hewa ilikuwa imesimama imara kama ukuta. Alisukuma, vumbi likainuka likamjaa machoni na kooni. Akarudi nyuma, likatulia. Akajaribu upande wa uzio wa miiba, likainuka tena. Akazunguka nyuma ya choo, nyuma ya zizi la mbuzi, na kila alipogusa ukingo wa ua ile sauti ilikuwa imeshafika mbele yake, bado ya upole, bado inamwita mpenzi, ikimwambia arudi ndani kwa sababu bibi harusi hatoki nje.

Ijumaa ile wanaume wote wa mji walitoka kwenda uwanjani kuswali wakiomba mvua. Baba yake, Kerrow, dalali wa mifugo, alilia hadharani, maana ng'ombe wake walikuwa wanakufa kwenye njia ya Bura. Na chumbani, binti yake alikuwa kwenye mswala akiomba mvua isinyeshe. Aliona haya mbele ya Mungu, lakini aliomba.

Aliposhindwa kabisa alimwendea mama yake, Sahara, akavua hijabu. Sahara aliiona shashi akaketi chini palepale.

"Nani amekufunga?"

"Bridget. Tulikuwa tunacheza, hooyo."

"Ya Rabbi! Mchezo gani huu, mwanangu?" Aling'ang'ana na fundo mpaka kucha zikatoka damu.

Kerrow alimleta Maalim Yarow kutoka Balambala, mzee mfupi, mkali, asiyependa maneno mengi. Maalim alichoma ubani. Moshi haukupanda juu. Ulikwenda moja kwa moja hadi kichwani kwa Qali ukaanza kuizunguka shashi. Mzee akamvuta Kerrow pembeni.

"Punguza sauti, anasikia," alisema. "Amefungwa shashi na amepigiwa kigelegele. Kwa hao majini, ndoa imebakiza mahari tu. Walii wa kumwoza ni wewe. Usipoipokea mahari, naivunja leo kabla ya magharibi. Simama nje. Chochote kitakachoingia ua huu usikiguse, na usikishukuru."

"Wallahi sitagusa, hata alete ngamia mia."

Aliapa kwa moyo wake wote. Lazima hilo lisemwe.

Baada ya alasiri Maalim alifunga mlango akaanza kusoma. Sahara alimkumbatia binti yake kwa nguvu. Kengele zilizunguka juu ya mabati, ko, ko, ko, kwa hasira, na fundo la shashi likaanza kulegea. "Linafunguka!" Qali alinong'ona, akilia na kucheka.

Nje, ngamia jike mweupe aliingia langoni, chuchu zinadondosha maziwa. Kerrow aligeuza uso, na ngamia akawa vumbi. Kikaja kishindo cha ng'ombe wengi, akafumba macho. Kisha kikatua kitu kimoja kidogo juu ya mkono wake.

Tone la maji.

Likaja la pili, yakaja elfu, na bulla nzima, mtaa wote ule, ikapiga kelele kwa furaha, wanawake wakitoka mbio na mabeseni, watoto wakivua mashati, na Kerrow, mtu aliyezaliwa nyuma ya mifugo na kufundishwa kuishukuru mvua kabla hajajua kutembea, Kerrow ambaye wiki ile tu alikuwa amemchuna ng'ombe wake wa mwisho mwenye mimba, aliona viganja vyake vimeinuka vyenyewe, vimejaa maji, vimefika mdomoni, akanywa.

"Alhamdulillah," alisema.

Halafu akasikia alichosema.

Ndani, Maalim alinyamaza katikati ya aya. Kengele hazikuwa juu ya mabati tena, zilikuwa chumbani. Fundo likajikaza.

"Hooyo, nishike."

"Nimekushika."

"Nishike!"

Sahara alimbana kifuani kwa nguvu zote za mama, akahisi mabega yale yanapoa, yanakuwa mepesi, yanapungua mikononi mwake, na bati moja la paa likafunuka taratibu kabisa, likafunikwa tena. Alibaki amekumbatia hijabu ya shule, imelowa chapachapa.

Mvua ile haikukatika. Mto Tana ulivunja kingo zake, barabara zikazama, na mbuzi waliobaki wa Kerrow wakasombwa machoni pake. Redioni walisema ni El Niño. Kerrow hakubishana na mtu. Alijua ni mahari, na kwamba ameipokea kwa mikono miwili. Bridget alikuja akivuka matope kuuliza mbona rafiki yake haji shule, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumweleza.

Mpaka leo, mawingu yakikusanyika, majirani hupanga mabeseni nje. Sahara hufunga mlango. Kabla ya tone la kwanza kengele za mbao hupita juu ya paa lake bila haraka, kama kundi linalohama, na nyuma ya kundi husikika sauti anayoijua, inaomba ishikwe. Yeye hupanda juu ya kitanda, akanyoosha mikono mpaka kwenye mabati, na kuikazia vidole hewa baridi.