Lori la Kona ya Ghala

Chumba cha nyuma ya duka la matairi kilikuwa na kiti kimoja tu, na kiti hicho kilikuwa cha Fundi. Wengine walisimama.

"Jumamosi," Fundi alisema. "Mshonaji anahamia. Vyerehani sita vya umeme, vipya. Mnunuzi yupo. Kibendera, sema."

Kibendera alikohoa. Kazi yake ilikuwa kuegesha magari ya watu mtaani. Akipunga kitambaa chekundu, gari linaingia. Akipunga tena, linatoka, naye anaachiwa sarafu kupitia dirishani. Alikuwa na miaka miwili mtaani pale na hakuna aliyewahi kumuuliza jina. Hili la Kibendera alipewa na Fundi, na Fundi ndiye mtu pekee aliyewahi kumkaribisha ndani ya mlango wowote.

"Alikuja Jumanne, mwanamke, peke yake," alisema. "Kakodi chumba cha juu cha kulala na cha chini cha kushonea. Kaniuliza yale ya wageni wote. Gari naegesha wapi? Vioo vinavunjwa? Wezi wapo?"

"Ukamjibu nini?"

"Kwamba mtaa umetulia."

Sukani, dereva wao, aliangua kicheko. Kibendera hakucheka. Hakuwaambia kwamba kabla ya kuondoka yule mwanamke alimpa mkono, akamwita kaka, na kwamba siku nzima aliona tabu kuunawa mkono ule.

Fundi alichora sakafuni kwa chaki. "Mbele ya jengo tunaweka pikapu mbovu tangu alfajiri. Lori likifika, halina pa kusimama. Kibendera analipeleka kona, ubavuni mwa ghala. Kule hakuna dirisha hata moja. Wapagazi wakipandisha kitanda, Sukani anaingia na kuondoka. Mwenye lori namfahamu, ufunguo wake nilichonga mimi. Nikachonga miwili." Akatabasamu kidogo. "Kitambaa kikiwa begani, twende. Kikiwa mfukoni, subiri. Swali?"

"Mimi nabaki pale," Kibendera alisema. "Si watanivaa mimi?"

"Utapiga kelele za mwizi kuwashinda wote."

Sukani aliinamisha macho, akaanza kuchunguza viatu vyake. Kibendera aliliona hilo. Akajifanya hakuliona.

JUMAMOSI, SAA TATU ASUBUHI

Lori liliingia mtaani polepole, limejaa hadi juu, turubai limefungwa kamba. Mshonaji alikuwa nyuma, kati ya godoro na makabati, pamoja na wapagazi wawili. Aliruka chini kabla halijasimama vizuri.

"Kaka! Ulisema mbele kutakuwa wazi."

"Hii pikapu imeharibika, dada. Mwenyewe hajaonekana. Zungukeni kona, pale ghalani. Ni hatua chache tu."

"Mizigo yangu itakuwa salama?"

"Mimi si nipo?"

Alitembea mbele ya lori akipunga kitambaa, jua likimulika kioo cha mbele hata ndani hakuonekana mtu. Kulia. Nyuma kidogo. Hapo hapo. Dereva wa kukodi akazima injini.

SAA TATU NA NUSU

Wapagazi walishusha kitanda na kutokomea nacho. Mshonaji akawafuata na funguo za nyumba. Dereva wa kukodi alibaki ameegemea bodi, anachokonoa meno.

"Kawasaidie, ndugu," Kibendera alimwambia. "Ngazi za pale nyembamba, kitanda kitakwama. Gari nakuangalizia."

Jamaa akatema kijiti, akaenda.

Kibendera akaweka kitambaa begani. Mwisho wa ukuta, Sukani akajitenga na kivuli na kuanza kuja. Ndipo Kibendera alipogeuka kuangalia dirisha la lori, akakutana na macho ya mtu.

Bibi kizee alikuwa amekaa kiti cha mbele, fimbo katikati ya magoti, kikapu mapajani.

"Hujambo, mwanangu. Miguu hii hainibebi. Wameniambia nisubiri hadi kiti changu kifike juu."

Kibendera alikivuta kitambaa begani, akakisokomeza mfukoni. Sukani hakupunguza mwendo. Alikuja mpaka mlangoni, ufunguo mkononi.

"Kitambaa kiko mfukoni!" Kibendera alimnong'oneza. "Kuna mtu ndani!"

"Fundi kasema leo nisikuangalie wewe. Kasema una roho ya karatasi." Sukani alichungulia, akamwona bibi, akatukana kwa sauti ya chini. Kisha akapanda hivyo hivyo.

Injini ikaunguruma. Kibendera angeweza kurudi nyuma na kupiga zile kelele zake za mwizi, kama walivyopanga. Badala yake alizunguka mbio, akafungua mlango wa pili, akajibana kando ya bibi. Lori likala kona.

"Wewe si dereva wetu," bibi alimwambia Sukani.

Sukani akabadili gia.

"Basi nimeelewa." Aliushika mkono wa Kibendera kwa nguvu ambayo hakuitegemea. "Miaka minane binti yangu anawashonea watu wengine kwa vyerehani vya watu wengine. Hivi ndivyo vyake vya kwanza. Kama mna mama, nishusheni na mizigo yangu."

"Mwambie anyamaze," Sukani alisema.

"Mwambie wewe."

Sukani hakumwambia. Aliendesha huku anajifuta jasho, taa za barabarani hazioni, matuta hayaoni. Bibi aligeuza uso kwa Kibendera.

"Wewe una nani mjini hapa?"

Alifikiri kidogo. "Huyu," akasema, akimwonyesha Sukani kwa kidevu. Sukani akakaza macho barabarani kama hakusikia.

SAA NNE NA ROBO

Walimkuta Fundi nje ya mji, kwenye machimbo ya udongo wa matofali, ameegemea lori jingine. Tabasamu lake lilikatika alipofungua mlango.

"Huyu nani?"

"Alikuwa ndani," Sukani alisema.

"Na ukaja naye?"

"Ulisema nisisubiri!"

Fundi alimtazama bibi kwa muda mrefu. Bibi naye akamtazama. Hilo ndilo lililoharibu mambo.

"Katuona sura wote watatu," Fundi alisema, na mkono wake ukaingia chini ya kiti cha lori lake, ukatoka na nondo. "Mshusheni."

"Tumwache hapa hapa, Fundi," Kibendera alisema. "Hawezi kutembea. Mpaka aokotwe, sisi tuko mbali."

"Nimesema mshusheni."

Kibendera alimbeba, akamkalisha juu ya rundo la matofali. Kisha akasimama mbele yake.

Pigo la kwanza alilikinga kwa mkono, akausikia mfupa ukikatika kama kijiti. La pili likampata juu ya sikio. Damu ikamwingia jichoni, ya moto. Alianguka magotini lakini akabaki pale pale.

"Fundi, trekta!" Sukani alipiga honi. Vumbi lilikuwa linapanda upande wa barabara, wafyatua matofali wanarudi. "Panda, noma hii! Panda!"

Fundi aliinua nondo mara nyingine, akaangalia vumbi, akaishusha. Aliliacha lori lake pale pale, akarukia lile la vyerehani, nalo likaondoka turubai likipigapiga. Sukani hakugeuka nyuma.

Kichaka kilikuwa karibu, na miguu ya Kibendera ilikuwa mizima.

"Kimbia, kama unakimbia," bibi alisema.

"Na wewe?"

"Mimi nakwenda wapi?"

Kibendera akakaa chini karibu naye. Bibi alitoa kanga kwenye kikapu, akamfunga kichwa, akakaza fundo mpaka Kibendera akapiga yowe.

Wafyatua matofali waliwapigia simu polisi, na walipofika, mshonaji, aliyekuwa ameripoti wizi kituoni, alikuwa ndani ya gari lao. Alimpita Kibendera bila kumtazama, akamkumbatia mama yake, akalia kwa sauti. Bibi alimpigapiga mgongoni, kisha akamwita afande.

"Huyu alikuja nao. Na huyu huyu alikaa na mimi. Andika yote mawili."

SAA KUMI NA MOJA JIONI

Kituoni walimfunga mkono kwa ubao. Afande, mtu mzima mwenye sauti ya kuchoka, alimsogezea simu ya mezani.

"Mpigie mtu wako. Mke, ndugu, yeyote. Ajue uko hapa."

Kibendera aliinua simu, akaiweka sikioni. Kichwani mwake ilikuwamo namba moja tu, kwa sababu moja tu ndiyo iliyowahi kumtafuta. Hakutaka kumchoma mtu kwa polisi. Alitaka kusikia sauti inayomfahamu, basi. Akabonyeza.

"Nani?" Fundi aliuliza.

"Ni mimi. Kibendera."

Nyuma ya Fundi kulisikika vitu vizito vikishushwa, na sauti ya Sukani ikisema wavilaze taratibu.

"Umekosea namba," Fundi alisema. "Simjui mtu wa jina hilo."

Simu ikakatika. Kibendera aliirudisha mahali pake kwa uangalifu, akaunyoosha waya wake.

"Hayupo?" afande aliuliza.

"Yupo. Kasema hanijui." Alifuta jicho ambalo damu ilikuwa imekaukia. "Nipe maji ya kunywa, afande. Halafu kaa. Mimi namjua."